Jinsi nilivyopata polishi ya mbao isiyonata kwa kutumia nta ya kanauba

Nilikuwa napaka meza yangu nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta tu, inang'aa vizuri sana lakini siku ya joto inanata, ukiweka karatasi inagandia na alama za vidole zinabaki zote. Ndo nikaanza kutafuta cha kuikaza, nikafikia kanauba.

Hii nta inatoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, majimbo ya Piauí na Ceará huko. Jani linajipaka nta lisipoteze maji wakati wa kiangazi, watu wanakata majani, wanayaanika, wanayapigapiga mpaka unga wa nta unadondoka, halafu unayeyushwa na kuchujwa. Ni ngumu kuliko karibu nta zote za asili, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 hivi wakati ya nyuki ni 62 mpaka 64 tu. Hapo sasa nikaelewa kwa nini meza yangu ilikuwa inanata.

Inauzwa vipande vipande vya njano, vikavu, ukivunja kimoja kinalia ka! kama kioo. Usijaribu kupaka yenyewe peke yake, itakushinda, haisambai na inapasuka. Mimi nilipima kwa uzito, kanauba fungu 1, nta ya nyuki mafungu 3, mafuta ya kitani (ya mbegu za kitani, linseed) mafungu 12. Nikaweka kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, sio kwenye moto moja kwa moja maana nta inashika moto, kanauba ikatangulia kwa sababu inachelewa kuyeyuka, kisha nyingine.

Sasa sikiliza, mafuta lazima uyapashe kwanza. Ukimimina ya baridi kanauba inaganda papo hapo kabla ya wenzake, unapata polishi yenye chengachenga, unaisikia kabisa kwenye vidole. Ukiona chenga rudisha kwenye maji ya moto iyeyuke upya, haijaharibika.

Napaka kidogo mno, nasubiri ikauke, nasugua kwa kitambaa safi kwa nguvu, na hapo kwenye kusugua ndo mng'ao unakuja. Hainati tena ila glasi yenye chai ya moto bado itaacha duara, tusidanganyane.

Tangu hapo kanauba naiona kila mahali, polishi za magari na viatu, lipstiki, ganda linalong'aa la pipi na vidonge, kwenye lebo za chakula inaandikwa kwa namba E903. Hata wanaotengeneza vitu vya faibaglasi wanaipaka kwenye umbo la kutengenezea ili kitu kisigandie.

Na vile vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze nje vikauke.