Picha za Ukumbini na Ufunguo wa Wingu

Mimi hupiga picha za harusi, upande wa wanawake. Anayezijua harusi za Unguja ataelewa: mlangoni mwa ukumbi kuna mtu wa kukusanya simu, mabuibui huvuliwa ndani, na kamera inayobaki ni yangu tu. Kwa hiyo mama wa biharusi, hata kabla ya bei, huniuliza: "Mwanangu, hizi picha utazieka wapi?"

Diski pekee haitoshi. Hewa yetu ya chumvi na umeme wa kukatika na kurudi haviachi chombo kikazeeka. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na hapo ulipo. Yangu ya mbali iko winguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni ninazozifikia kwa intaneti, na hapo ndipo wengi hujisahau. Huambiwa faili zimesimbwa, yaani zimevurugwa zisisomeke bila ufunguo, wakaridhika. Kweli zimesimbwa, ila kwa huduma nyingi za kawaida ufunguo anao mwenye huduma. Ni kama umepanga chumba na mwenye nyumba kabaki na ufunguo wa akiba: huenda ni mtu mwema, lakini akija na amri ya mahakama, au akiibiwa ule ufunguo, mlango utafunguka. Mwezi Juni 2011 hitilafu huko Dropbox, moja ya huduma hizo za winguni, iliziacha akaunti zikifunguka kwa neno lolote la siri, kwa muda wa saa nne hivi.

Basi mimi hufunga mwenyewe, kabla faili halijatoka nyumbani. Natumia Cryptomator, programu huria ya Wajerumani, ambayo kwenye kompyuta ni bure. Unatengeneza kasha ndani ya folda ile ile inayopanda winguni, unaliwekea neno la siri, na kila unachotia humo husimbwa kwenye kompyuta yako kwa AES ya biti 256, njia ya kusimba iliyo madhubuti. Hata majina ya faili hugeuka herufi zisizosomeka. Hilo nililipenda kuliko yote, maana jina kama "Singo, binti wa Bi Fulani", yaani biharusi akisingwa, lenyewe tayari ni umbeya. Idadi ya faili na tarehe zake haifichi, hayo nayavumilia.

Ukisahau neno la siri hakuna wa kumpigia simu. Programu hukupa ufunguo wa dharura, mfululizo mrefu wa maneno ya Kiingereza. Wangu nimeuandika kwa mkono, umo kwenye sanduku la mama yangu Wete, chini ya hati ya shamba la mikarafuu. Dada yangu anajua ulipo, kwani na mimi ni mtu wa kufa.

Kinachonitoa jasho ni simu za watu. Ujumbe wa WhatsApp husimbwa kutoka kwako hadi kwa mwenzako, lakini bakapu, ile nakala ya akiba inayokwenda winguni kwa Google (Google Drive) au kwa Apple (iCloud), haifungwi hivyo mpaka uiwashe wewe kwenye mipangilio. Huduma hiyo ipo tangu 2021: unachagua neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64. Hata ukiwasha yako, ya shangazi uliyemtumia picha huenda iko wazi. Na shangazi wa maharusi wetu wengi wako Uingereza, ambako Februari 2025 Apple iliacha kuwapa watumiaji wapya ule ulinzi wa ziada wa iCloud unaomwachia mtumiaji peke yake ufunguo wa picha zake. Kwa hiyo situmi picha za ukumbini kwa simu, wala linki ya "yeyote aliyenayo afungue". Biharusi anakuja mwenyewe na flashi. Huitwa mshamba kwa hili, na sijali.

Karibuni mteja mmoja aliachika, akataka zake zifutwe. Mama yake akanisihi nisifute. Nilimsikiliza mwenye sura. Nikafuta kwenye diski, nikafuta winguni, nikamwaga na tupio, maana Google Drive huweka vilivyofutwa humo siku 30. Akaniuliza kama kampuni nayo imebaki na nakala mahali. Nikamwambia ikiwa imebaki, imebaki na herufi zisizosomeka, na ufunguo hawajawahi kuwa nao.