Uso wa Kuazima

Nilipokuwa sekondari nilipakwa unga wa sembe usoni ili niigize mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko kabla sijatamka neno. Kumbukumbu hiyo imenirudia mwezi huu, baada ya kumaliza kusoma kwa mara ya tatu tamthilia ya David Henry Hwang, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya China, iitwayo Yellow Face (yaani “Uso wa Manjano”), futuhi iliyoonyeshwa kwanza Los Angeles mwaka 2007 na kufika Broadway, kitovu cha kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2024. Nimejiuliza kwa nini unga wangu haukumdhuru mtu yeyote, ilhali vipodozi vilivyozaa tamthilia hii viliwaumiza wengi.

Vipodozi hivyo vilipakwa London mwaka 1989, katika onyesho la muziki la Miss Saigon. Jonathan Pryce, mwigizaji Mzungu kutoka Wales, alicheza nafasi ya chotara wa Kifaransa na Kivietinamu huku ngozi yake imekozwa rangi na macho yake yamebandikwa vipande vya kuyabadilisha umbo. Ilipojulikana kwamba angepelekwa New York katika nafasi ileile, waigizaji wa Marekani wenye asili ya Asia walipinga. (Huko neno hilo huwalenga zaidi Wachina, Wajapani, Wakorea na Wavietinamu, kuliko watu wa asili ya Bara Hindi ambao sisi tumezoea kuwaita Waasia.) Hwang, aliyekuwa amepata Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway, mwaka 1988 kwa tamthilia yake M. Butterfly, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Agosti 1990 chama cha waigizaji kikakataa kumkubali Pryce, mtayarishaji Cameron Mackintosh akatangaza kufuta onyesho zima, na siku chache baadaye chama kikageuza uamuzi wake. Pryce akaenda, akaigiza, na mwaka 1991 akatunukiwa Tony.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Siku niliyopakwa unga hakuna Mzungu aliyekosa riziki, wala hakuna aliyefungiwa mlango wa ukumbi wetu. Kwa wale wa New York, nafasi ya kuigiza ilikuwa ajira, na ajira zenyewe kwa watu wenye sura zao zilikuwa za kuhesabika.

Hwang alijaribu kujibu kwa futuhi nyingine, Face Value, ambayo mwaka 1993 ilifungwa Broadway ikiwa bado katika maonyesho ya awali, kabla ya kuzinduliwa rasmi. Kushindwa huko ndiko alikokufanya mbegu ya Yellow Face. Mhusika mkuu amepewa herufi za jina la mwandishi mwenyewe, DHH. Katika usaili wa Face Value anamchagua kijana aitwaye Marcus acheze nafasi ya mtu wa asili ya Asia, kisha anagundua kwamba kijana huyo ni Mzungu mtupu. Sheria haimruhusu mwajiri kumhoji mtu juu ya asili yake, na DHH, shujaa wa maandamano ya juzi, anaogopa fedheha. Anabuni nasaba: Marcus ana damu ya Wayahudi wa Siberia, na Siberia si iko Asia? Mchimba kisima ameingia mwenyewe. Baya zaidi ni kwamba Marcus anaupenda uongo huo, anajiita Marcus Gee, anapata nafasi nono jukwaani na kuwa msemaji wa jamii ambayo si yake, huku DHH akichomwa na wivu asioweza kuueleza kwa mtu.

Ninaiheshimu tamthilia hii kwa sababu mwandishi aliichukua aibu yote akaibebesha jina lake mwenyewe. Angeweza kumchora mtayarishaji mbaguzi tukamzomea sote, tukaondoka ukumbini tukiwa wasafi. Badala yake tunamcheka mtu mwenye msimamo sahihi anayedanganya ili asionekane amekosea, na waigizaji saba, wengi wao wakibadilishana nafasi bila kujali rangi zao, wanatulazimisha tujichunguze kila mara tunapodhani tumemjua mtu kwa kumtazama.

Kisha anaingia baba, na kicheko kinabadilika. Henry Y. Hwang alizaliwa Shanghai, akahamia Marekani, akaanzisha benki ya Far East National jijini Los Angeles. Katika tamthilia ni mzee mcheshi, mwenye majigambo matamu, anayeamini kwamba Marekani ni mahali ambapo mtu huwa yeyote atakaye. Mwaka 1999 gazeti la New York Times liliandika kwamba benki hiyo ilikuwa ikichunguzwa kuhusu fedha kutoka China. Mwaka huohuo Wen Ho Lee, mwanasayansi wa nyuklia wa Marekani mzaliwa wa Taiwan aliyeshukiwa kuipelekea China siri, alikamatwa, akawekwa katika kifungo cha upweke kwa takriban miezi tisa, na hatimaye jaji akamwomba radhi mahakamani. Baba yake Hwang hakufunguliwa mashtaka yoyote. Alifariki mwaka 2005, na jukwaani tunaiona imani yake katika nchi ile ikififia siku baada ya siku. Marcus ameazima uso na kuufaidi. Mzee huyu alizaliwa na uso wake, na ndio uliomfanya ashukiwe ugeni katika nchi aliyoipenda kuliko mwanawe alivyoipenda.

Sijui tamthilia nyingine ya kuchekesha iliyonifanya nisome ukurasa mmoja kwa dakika kumi bila kuufungua unaofuata. Francis Jue aliigiza nafasi ya baba New York mwaka 2007, akairudia Broadway mwaka 2024, na mwaka 2025 akapata Tony kwa nafasi hiyohiyo ya mzee wa benki.