Siku moja kwenye meza ya chakula cha kiangazi, Louisville

Saa kumi na mbili asubuhi simu inaita kabla sijanywa chai. Ni mama mmoja wa jengo la nyuma, ametoka zamu ya usiku kwenye kituo cha mizigo cha UPS pale uwanja wa ndege, ambako akina mama wengi wa mtaa wetu wamewahi kupanga maboksi. Mchana atalala. Ana watoto watatu, na shule zimefungwa.

"Dada, leo chakula kipo?"

Kipo.

"Na bili haitakuja?"

Haitakuja, dada yangu. Nimeshamwambia mara nyingi, na wiki ijayo nitamwambia tena.

Mimi ni msimamizi wa kituo cha chakula cha mchana cha watoto, kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky. Kazi ni ya msimu: shule zikifungwa mwanzoni mwa kiangazi naanza, zikifunguliwa Agosti namaliza. Mtaa una Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanepali na Wacuba. Wenyeji wapo pia, na watoto wao ndio hufika wa kwanza. Wao hawaogopi.

Saa tatu nafungua ukumbi. Nafuta meza, nabandika bango la haki, lile la kukataza ubaguzi, ambalo kila kituo lazima kiwe nalo ukutani, nawasha kiyoyozi. Julai ya Kentucky haina huruma, na kuna watoto wanaokuja mapema kwa ajili ya ule ubaridi tu. Nawaacha wakae. Mkubwa mmoja anawasomea wadogo vitabu tulivyoazima maktaba.

Saa nne kuna baba kasimama mlangoni, haingii. Ana mabinti wawili. Anataka kwanza ajue atasaini wapi.

Hapa naomba nieleze, maana wengi mnaosoma mko kwenye miji kama huu. Sisi tuliokulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tunajua chakula cha bure kina sura gani: kadi ya rasheni, foleni, idadi ya familia, alama ya kidole. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi na tano, ukimwambia kuna meza ambapo mtoto anafika, anakula, anaondoka, na hakuna aliyemuuliza jina, ataona unamtega. Na simlaumu.

Lakini ndivyo ilivyo, na sababu yake ni ya hesabu. Mpango huu ni wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ulianza kwa majaribio mwaka 1968. Kituo cha wazi kama chetu hakipimi umaskini wa mtoto mmoja mmoja, kinapima eneo. Kama angalau nusu ya watoto wa eneo wana haki ya kula shuleni bure au kwa bei nafuu, basi kila mtoto wa miaka 18 kushuka chini anayepita mlangoni anakula. Mwenye hati, asiye na hati, mwenye baba daktari, hata aliyekuja jana kutoka Lexington kumtembelea binamu yake. Kituo kinarudishiwa pesa kwa kila mlo uliotolewa. Ndiyo maana mimi nahesabu milo, siandiki watu.

Baba ananisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mama. Nitakaa hapa nje niangalie." Nikampa kiti.

Saa tano kasorobo gari linafika na masanduku ya baridi. Nahesabu, napima joto. Maziwa lazima yawe digrii 41 za Fahrenheit au chini, kama 5 kwa kipimo cha kwetu. Leo yako sawa, nasaini.

Saa tano na nusu milango. Leo ni sandwichi ya nyama ya batamzinga na jibini, tofaa, karoti na maziwa. Watoto wa Kisomali wanaanza na swali lao: "Tanti, ni nguruwe?" Si nguruwe leo. Siku ya nguruwe huwa naagiza mbadala mapema, la sivyo meza nzima inakula tofaa peke yake.

Karoti ni vita. Mbichi, baridi, bila chumvi! Mtoto aliyelelewa kwa sombe (kisamvu) na ndagala (dagaa) anaiangalia karoti hiyo kama adhabu. Lakini mlo una sehemu zake zilizopangwa, na mimi siwezi kupika sombe kwa watoto sitini. Kuna meza ya pembeni ya kugawana: asiyetaka maziwa au tunda anaweka pale bila kufungua, anayetaka zaidi anachukua. Maziwa ya chokoleti hayakai pale hata dakika.

Kalamu yangu inakata namba moja kila mlo unapofika mkononi mwa mtoto. Si kabla, si baada.

Halafu linakuja jambo linaloniudhi. Binti wa miaka tisa ananong'ona: mdogo wake ana homa, anaweza kumpelekea sandwichi? Hapana. Mtoto lazima awepo, na lazima ale hapa. Tangu mwaka 2023 vituo vya vijijini vinaweza kuruhusiwa kuwapa familia chakula cha kubeba nyumbani. Sisi tuko mjini. Mimi naona kanuni hiyo iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala mchana akiwa na watoto watatu ndani. Nilichofanya: nikampigia mama yao, nikamwamsha, akaja kumchukua binti na nikampa kopo la supu kutoka kabati letu la misaada, ambalo halihusiani na hesabu za serikali.

Wale mabinti wawili wa mlangoni wamekula wakamaliza. Karoti pia.

Saa saba na nusu tunafagia. Saa nane nawapeleka wakubwa, kwa ruhusa za wazazi, hadi maktaba ya Iroquois. Wana mpango wa kusoma kiangazi, kompyuta, na kiyoyozi kinachoshinda chetu.

Saa kumi ni karatasi, na wazazi wenye barua mkononi. Barua nyingi ni za zile dola 120 za chakula kwa kila mtoto kwa kiangazi, zilizoanza kutolewa mwaka 2024. Watu wanadhani wakipokea kadi yenye pesa hizo watoto hawatakiwi tena mezani kwetu. Vyote viwili ni halali, pokea vyote. Barua msiitupe kwa kudhani ni tangazo! Mama mmoja tuliitafuta yake kwenye mfuko wa takataka, tukaipata chini ya maganda ya ndizi.

Saa moja jioni natuma sauti kwenye kundi la WhatsApp: kesho ni kuku, saa zile zile, leteni watoto hata kama leo hamkuja. Baba wa asubuhi ameongezwa kundini. Anajibu kwa sauti:

"Mama, na sisi wazee je?"

Mwisho miaka 18, baba.

"Basi niandike 17."

Nimecheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Kisha nikamtumia yule baba siku na mahali gari la Dare to Care, benki ya chakula ya hapa mjini, litakaposimama wiki hii, nikamwambia aje na mifuko yake mwenyewe.