Proksi iliyojificha: siku ya nne, Chromium imefunguka

Imefunguka! Tangu Jumatatu, kila nikiwa nyumbani, kivinjari changu cha Chromium kwenye Linux kilikuwa kinanirushia ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, yaani kimeshindwa kuifikia proksi (seva ya kati ya kupitia kwenda mtandaoni). Leo saa nne usiku ukurasa wa kwanza umekuja bila kupitia proksi ya kazini.

Kilichonitesa ni kwamba kila nilipopekua palikuwa pasafi. Xfce, mazingira ya eneo-kazi ninayotumia, haina kidirisha cha proksi kama mwenzake GNOME. /etc/environment, faili la vigeu vya mazingira (mipangilio ambayo programu hupewa inapoanza), haina kitu. `env | grep -i proxy` kwenye terminali: kimya. `curl -v`, amri ya kuvuta ukurasa, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye tovuti. Firefox nikiiwekea "bila proksi" inafungua, nikiirudisha ifuate mipangilio ya mfumo inagoma. Mfumo upi sasa, na nimeukagua wote? Nikafuta wasifu wa Chromium, nikaisakinisha upya mara mbili. Siku mbili zimeliwa hapo, na zinaniuma.

Leo jioni nikaifungua kutoka terminali badala ya kubofya ikoni. Ikafanya kazi! Nikaifunga, nikabofya ikoni: imegoma. Basi nikaachana na terminali, nikakiuliza kivinjari chenyewe kilizaliwa na nini:

`tr '\0' '\n' < /proc/$(pgrep -o chromium)/environ | grep -i proxy`

Hizo hapo: http_proxy na https_proxy, zote zinaelekea Squid, seva ya proksi ya kazini, poti 3128. Nilizitia mwenyewe mwaka jana kwenye ~/.xsessionrc, faili linalosomwa ninapoingia kwenye eneo-kazi, na kila programu inayofunguliwa kwa ikoni inazirithi. Terminali nayo ilizirithi, ila .bashrc yangu, inayosomwa terminali ikifunguka, ina mstari wa `unset` unaozifuta, ndiyo maana sikuziona. Nilipofuta mistari ile ikoni bado iligoma, mpaka nikatoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kikao cha zamani kilikuwa bado kimezibeba.

Viendelezi vya kubadilisha proksi nimeving'oa vyote. Vinaongeza mahali pengine pa kutafuta, wakati /proc inakuonyesha kile programu ilichopewa ilipoanza.

Nilipanga kuandika skripti ya kuhama kati ya kazini na nyumbani. Nimeiacha katikati, kwa sababu nimekumbuka faili la PAC, linalokiambia kivinjari kipitie proksi ipi: kitendakazi chake FindProxyForURL kikirudisha "PROXY" ya Squid kisha "DIRECT", Squid isipopatikana kivinjari kinapita chenyewe. Firefox imeshalikubali. Chromium nataka ilisome kupitia kigeu cha auto_proxy, na safari hii naanzia kwenye ikoni.