Nukta Niliyoisogeza

Juzi usiku binti yangu alikuwa kwenye kochi na simu yake, anamalizia kazi ya fizikia. Akaninyooshea kioo. "Mama, hebu ona. Ampea naijua. Haya majina mengine ni ya nini?"

Ilikuwa programu ya kubadili vizio vya mkondo wa umeme: ampea, abampea, biot, statampea. Nikamwambia abampea na biot ni kitu kimoja, ampea 10 kamili. Statampea ni chembe tu. Abampea moja ina statampea karibu bilioni 30, na namba hiyo ndiyo kasi ya mwanga kwa sentimita kwa sekunde. Akatoa macho, akaandika, akaenda kulala. Mimi usingizi ulinipaa.

Nilikuwa nimerudi Mwanza, 1989, kidato cha sita, kwenye ile maabara ambayo ukifungua madirisha unaliona ziwa. Praktiko ya siku hiyo ilikuwa galvanomita ya tanjenti, kifaa cha kupimia umeme: pete ya mbao iliyozungushiwa waya mara 50, nusu kipenyo sentimita 8, na dira katikati. Unaigeuza pete mpaka ilale sawa na sindano, kaskazini kwa kusini. Ukipitisha umeme, waya unaivuta sindano kwenda pembeni na dunia inaivuta irudi kwao. Pale inapotulia ndipo unaposoma.

Mwenzangu alishika riostati, ya kuongeza na kupunguza umeme. Mimi niliinama juu ya dira, jicho moja nimelifumba. Chini ya sindano kulikuwa na kioo, na sharti ni usisome mpaka sindano iifunike taswira yake. Kila alipousogeza mkono, sindano ilishtuka. Nikamnong'oneza, "Vua saa." Akaivua, akaiweka mbali, kwenye dirisha. Sindano ikapita 45, ikarudi 43, ikatetemeka, ikatulia kwenye 45. Taswira ikapotea chini yake. Sikupumua. Tanjenti ya 45 ni moja. Nilihisi kama dunia yenyewe imetupa namba nyepesi mkononi. Amita, kipima mkondo chetu cha pili, ikasoma miliampea 75, yaani ampea 0.075.

Kitabu chetu kilikuwa cha zamani, kutoka Uingereza, jalada limebandikwa gundi. Sehemu ya mlalo ya sumaku ya dunia, kilisema, ni 0.18. Tukazidisha kwa nusu kipenyo, tukagawa kwa pai iliyozidishwa kwa mbili na kwa idadi ya mizunguko. Jibu: 0.0046. Amita inasema 0.075. Tukarudia mara mbili, likawa lile lile. Zimebaki dakika chache, mwenzangu keshaanza kukusanya nyaya. Nikachukua raba, nikafuta, nikaisogeza nukta hatua moja. 0.046. Halikufika kwenye 0.075, lakini angalau lilisogea.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu.

"Umepika," akasema. Darasa zima likageuka. Nikasimama. "Samahani, mwalimu." Akaikata kazi yote kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

Mengine yalipita haraka: mtihani, jeshi, Chuo Kikuu Mlimani. Ni huko, kwenye maktaba, nilipokuja kuelewa nilichokifanya. Fomula ya kitabu kile ilikuwa ya sentimita, gramu na sekunde, na jibu lake lilikuwa abampea. Mwaka 1881 wataalamu walikutana Paris, wakakubaliana vizio vya kutumika kazini. Volti waliifanya milioni 100 za kile kizio kidogo cha zamani, omu wakaifanya bilioni moja. Gawanya moja kwa nyingine: mkondo unatoka sehemu ya kumi. Ndiyo ampea. Kwa hiyo jibu letu la 0.0046 lilitakiwa kuzidishwa kwa 10, na nukta ilitakiwa isogee pale pale nilipoisogeza.

Ikabaki tofauti ya 0.046 na 0.075. Hii ndiyo iliyonikaa kooni zaidi. Ile 0.18 ilikuwa ya Uingereza. Kule sumaku ya dunia inachimba chini kwa mwinamo mkali, hivyo sehemu yake ya mlalo ni ndogo. Kwetu karibu na ikweta inalala zaidi, na sehemu hiyo inafika karibu 0.3. Nikaiweka hiyo, palepale kwenye meza ya maktaba, nyuma ya daftari la kemia: 0.076. Amita ilikuwa imesema 0.075. Nilikaa naikodolea macho namba ile mpaka mlinzi akaanza kuzima taa.

Miaka baadaye nilikutana na mwalimu wangu stendi ya mabasi, Mwanza, amestaafu, amebeba kikapu cha dagaa. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Bado unahesabu?" Nikasema ndiyo. Akacheka kwa furaha ya kweli, akauliza habari za wazee wangu, na hesabu nzima ilikuwa kwenye ncha ya ulimi: kumi ya Paris, 0.18 ya Uingereza, sindano yetu iliyotulia. Lakini nilikumbuka pia kwamba siku ile sikuijua hata moja kati ya hizo. Niliifuta namba kwa sababu tu haikufanana na amita. Alichokiona ndicho nilichokuwa nakifanya.

Basi likapiga honi. Nikamsaidia kupandisha kikapu.