Viatu vya Theluji Ngong Road

Mjomba alipokuja likizo kutoka Duluth, mji wa Minnesota ulio ukingoni mwa Ziwa Superior, mama alitarajia chokoleti na simu. Chokoleti zilikuwepo. Simu haikuwepo. Badala yake, kwenye mzigo mrefu uliozungushiwa blanketi, kulikuwa na viatu vya kutembelea juu ya theluji. Ilikuwa likizo ya Agosti 2011, na Nairobi ilikuwa kwenye ile baridi yake ya mawingu, jua limeenda zake na manyunyu yanaanza saa yoyote yanapojisikia.

"Unavaa makoti mawili ndani ya nyumba, na wewe ndiye umetoka kwenye barafu," mama alimcheka.

"Dada, kule hata nyuzi 30 chini ya sifuri unakuta baridi kavu, na nyumba ina moto. Hii yenu ya nyuzi 12 imelowa. Ni mwizi wa mchana."

Jumamosi akatuchukua watatu: mimi, binamu yangu na dada yangu mdogo. Alisema tunaenda kufanya mazoezi ya kukaa msituni kama watu wa kule wanavyofanya majira ya baridi, mwisho wa safari ukiwa Rowallan, kambi ya skauti iliyo ndani ya Msitu wa Ngong. Lakini kwanza Toi, sokoni.

Aliyewahi kununua mitumba Nairobi anajua kwamba nguo za theluji zimejaa hapa. Waendesha boda boda huvaa majaketi yaliyoshonewa watu wa kuteleza milimani, na watoto wachanga hubebwa mgongoni wakiwa ndani ya ovaroli nene ambazo hazikuwahi kuota kufika Kawangware. Mjomba alitaka sweta za sufu peke yake. Lebo ikiwa imekatwa, alichomoa uzi mmoja pindoni na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa akriliki uliyeyuka ukawa kitone cheusi kigumu. Wa sufu ulijikunja, ukazima wenyewe, ukaacha harufu ya nywele zilizoungua.

"Mzee, utanichomea soko!" muuzaji alilia, lakini alisogea karibu kutazama. Uzi wa tatu aliuwasha yeye mwenyewe.

Binamu alikataa sweta. Alikuwa na hudi mpya ya pamba na alikuwa na miaka kumi na saba, basi hakuna aliyemlaumu. Mjomba alimwambia mara moja tu kwamba pamba ikilowa inanywa maji na kukunyonya joto, na sufu hata ikilowa inakuachia joto kiasi. Hakurudia.

Toka hapo tukafuata Ngong Road hadi kwa mafundi wa samani wanaopanga vitanda na sofa kando ya barabara. Nyuma ya karakana moja kulikuwa na lundo la vumbi la mbao lililofika kifuani. Mjomba alikuwa amelitafuta hilo tangu asubuhi. Alisema ndicho kitu pekee Nairobi kinachokaribia theluji ambayo haijakanyagwa.

Kazi ikasimama. Mmoja akauliza kama hizo ni raketi za tenisi. Fundi mkuu, mzee aliyetoka Lamu, hakucheka. Alikichukua kiatu kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wote kama mtu anayetafuta msumari. Hakuupata. Vilikuwa vya mtindo wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi zile za maziwa: fremu mbili za mbao zinazokutana na kuchongoka mbele na nyuma, katikati pamesukwa nyuzi za ngozi mbichi.

"Hiki ni kitanda cha kamba," alisema hatimaye, "ila kimevaliwa mguuni. Na huu mti haukukatwa kona. Tazama nyuzi za mbao zinavyofuata mzunguko. Wameupika kwa mvuke."

Mjomba alifurahi kana kwamba amepewa shahada. Alieleza kwamba ni mti wa ash, hupikwa kwa mvuke na kukunjwa ukiwa bado moto.

Alianza kwa kupanda lundo na viatu vyake vya kawaida. Akazama hadi magotini. Kisha akavaa vile vya theluji, vidole vimefungwa kwa mikanda na kisigino kikiwa huru kuinuka, akapita palepale. Vumbi lilibonyea kidogo tu. Somo la presha la kidato cha kwanza, lile la ndovu na kiatu chenye kisigino chembamba, nililipita mtihani bila kuliamini. Siku ile nililiamini. Uzito ni uleule, umepewa tu mahali papana pa kukaa.

Zamu yangu ilipofika, miguu ilikuwa inagombana. Lazima utembee umeitanua kidogo, uinue kiatu kimoja juu ya ukingo wa kingine, na usirudi kinyumenyume kamwe, maana mkia unachimba. Ukitaka kurudi, zunguka. Binamu alisikia hayo yote, akafika kileleni, akarudi kinyumenyume. Alianguka chali na vumbi likamfunika hadi masikioni. Mafundi walipiga makofi. Tuliendelea kupanda na kushuka tukipokezana, na nadhani sijawahi kucheka kiasi kile nikiwa sijalewa.

Dada alitaka kujenga nyumba, kama lile pango ambalo watu wa kule hulundika theluji, huiacha igande, halafu huichimba ndani. Mjomba akamwacha ajaribu. Liliporomoka mara tu alipoingiza mkono. Theluji ikishalundikwa, chembe zake hushikana zenyewe. Vumbi la mbao halina undugu huo. Fundi alimpoza kwa kumjazia maranda makavu kwenye mfuko wa mkate.

Rasharasha ilitukuta Rowallan. Msimamizi alituonyesha mahali panaporuhusiwa moto na tawi kavu lililokuwa limekufa likiwa bado wima, tukaruhusiwa kulikata. Mjomba alitupa kila mmoja kijiti kimoja cha kiberiti. Mafuta ya taa yamekatazwa. Kwake angetumia ganda la mti wa birch, ambalo huwaka hata likiwa bichi kwa sababu ya mafuta yaliyomo. Hapa kila mtu ajitafutie.

Alitufundisha kupasua kuni kwa panga mpaka kufikia moyo wake, maana hata mvua ikinyesha wiki nzima, ndani panabaki pakavu. Moyo huo unauchonga kwa kisu uwe na manyoya membamba yanayoning'inia bila kukatika. Chini unatandika vijiti vinene kama jukwaa. Kwenye theluji, moto usio na jukwaa hujichimbia kaburi. Kwenye matope ya Nairobi, huzimika tu kwa unyevu.

Kijiti cha binamu hakikuwaka kwa sababu hakuweza kukishika. Hudi yake ilikuwa imelowa ikawa nzito, na upepo ulikuwa unapita katikati ya miti. Aliangusha kijiti, akakiokota, akakiangusha tena, kisha akamjibu mjomba neno ambalo hakuna aliyelielewa. Mzaha ukaisha hapo. Mjomba alimvua ile hudi, akamvisha sweta yake mwenyewe, akamkalisha juu ya mkoba ili asigusane na ardhi, halafu akamwamuru ainuke achuchumae na kusimama mpaka apate pumzi ya moto. Alisema mtu akianza kuangusha vitu, kujikwaa na kumumunya maneno, usimwulize kama anasikia baridi. Atakataa.

Hatukuwa na theluji hata chembe. Tulikuwa karibu na Kibera, tunasikia matatu zikipiga honi. Ndiyo maana mpaka leo nikiwaona watu wanaelekea Point Lenana, kimojawapo cha vilele vya Mlima Kenya, mita 4,985, wakiwa ndani ya jinzi, ambayo kwa kawaida ni pamba, nashikwa na hasira isiyonihusu. Watakuuliza kuhusu nyati. Hakuna anayeuliza kuhusu suruali.

Kijiti changu kilizimwa na tone kutoka kwenye jani. Aliyewasha moto ni dada. Alikuwa ameuficha ule mfuko wa maranda ndani ya sweta tangu Ngong Road, bila kumwambia mtu, na yalipogusa kijiti yalishika kwa mlio kama karatasi. Tulichemsha chai kwenye sufuria. Binamu alikunywa vikombe vingi kuliko sisi sote na kudai kwamba baridi haikuwa kali kiasi hicho.

Kurudi nyumbani, kondakta alitazama viatu vya mjomba vimelala juu ya kiti.

"Hizo zinalipa nauli."

"Ni viatu, kijana."

"Viatu vinavaliwa. Vaa, usilipe."

Mjomba aliinama, akaanza kufungua mikanda. Abiria wa nyuma wakasimama kuona. Kondakta alipoona mzee yuko makini na mlango unaelekea kuzibwa kabisa, aligonga mabati dereva aondoke, akasema haya basi, zikae, lakini zipakatwe.