Siku Moja Nikiwatazama Watazamaji

Katika kikundi chetu cha maigizo hapa Dodoma, mimi ndiye ninayeligeuzia jukwaa mgongo. Wenzangu huigiza, hupiga ngoma na kubeba spika, ilhali kazi yangu ni kuketi katikati ya watu nikiwa na daftari na kuandika wanachokifanya wao: wamecheka wapi, wamenyamaza wapi, nani ameondoka na wakati gani, na ni neno gani lililomfanya bibi aliyekuwa akichambua mboga asimamishe mikono. Baada ya onyesho huwasomea waigizaji niliyoyaandika, na igizo hurekebishwa kwa kuzingatia hayo. Watu huniuliza kama kweli hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Nimeona niieleze siku moja, ya Alhamisi iliyopita, ambayo tulicheza igizo lilelile mara mbili, asubuhi kijijini na usiku katika ukumbi wa mjini.

Saa 12:30 asubuhi

Chai, chapati, na daftari la onyesho lililopita. Igizo letu linahusu mzee anayeuza shamba la familia kwa dalali wa viwanja bila mkewe kujua, na kisa hicho hatukukitafuta mbali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, ndipo mashamba ya uwele na karanga yaliyokuwa mbali na mji yalipoanza kupimwa kwa hatua za miguu na watu waliovaa viatu vya ofisini. Hakuna mtazamaji wa mkoa huu asiyemjua mtu aliyeuza, aliyenunua au aliyedhulumiwa.

Saa 2 asubuhi

Tunaondoka kwa njia ya Mvumi, waigizaji ndani ya Noah, ngoma na jenereta juu ya kirikuu. Mwongozaji wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, ni mtu wa zama za Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), vikundi vya sanaa ambavyo katika miaka ya 1980 na 1990 viliweza kumpa mteja wa usiku mmoja ngoma, sarakasi, vichekesho, taarabu na igizo kwa kiingilio kimoja. Mara nyingi husema kwamba hadhira ya Tanzania ililelewa na maonyesho ya namna hiyo, ndiyo maana mtu huinuka katikati ya igizo akanunua soda, akarudi, akamuuliza jirani yake kilichotokea, na jirani akamsimulia kwa sauti bila kuona kwamba amemvurugia mtu yeyote. Mimi nakubaliana naye. Wapo wanaoulalamikia utaratibu huo na kutaka watu wakae kama wako mahakamani, nami sijaona faida ambayo igizo letu lingepata kwa hilo.

Saa 4 asubuhi

Tunamsalimia mwenyekiti wa kijiji, tunawaamkia wazee waliokwisha kuketi kwenye benchi, kisha tunatafuta mahali pa kuchezea. Kiangazi upepo wa Dodoma hula sauti, kwa hiyo waigizaji husimama upande unakotoka, ili maneno yabebwe kuelekea kwa watu, na jua lazima liwe nyuma ya watazamaji, kwa kuwa mtu anayekunja uso kwa sababu ya jua huwezi kujua kama amechukizwa na mhusika au na mwanga. Siku hiyo mbuyu ulio karibu na ofisi ya kijiji ulitupatia yote mawili.

Kina mama wa kikundi wakaanza muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja kama zinavyopigwa Ugogo, na watu wakaanza kutoka majumbani kwa mpangilio ambao haubadiliki: watoto kwanza, kisha wasichana, kisha kina mama wenye watoto mgongoni, na mwisho wanaume, ambao husimama nyuma kabisa wakiwa wamekunja mikono kana kwamba walikuwa wakipita tu. Bodaboda nawaandika peke yao. Kijana akiwa bado amekalia pikipiki yake hajaamua kubaki. Akitegesha stendi na kushuka, tumempata.

Saa 5 asubuhi

Mwigizaji wa kwanza akatoa salamu, "Mbukwenyi!", na kijiji kizima kikaitika. Kisha yakaja majibizano ya ngonjera kati ya kijana anayetaka shamba liuzwe na dada yake anayekataa. Ngonjera hapa haihitaji kutambulishwa, kwani Mathias Mnyampala, aliyeueneza mtindo huo nchini baada ya uhuru, alikuwa Mgogo wa mkoa huuhuu. Watazamaji wakachukua upande mapema. Dada alipojibu, vigelegele. Kaka alipojibu, miluzi kutoka nyuma.

Dalali alipoingia na mkoba wake, zogo likaanza. Mzee mmoja akamwonya muuzaji kwa sauti ya mtu anayemkanya ndugu yake: "Usiweke dole gumba hapo, utakuja kulia!" Mwigizaji wetu anayecheza mzee ni mzoefu, hakumpuuza. Alimgeukia, akamwambia, "Baba, una laki mbili za kunikopesha ada ya mtoto?" Watu wakacheka, yule mzee akacheka pia, akakaa kimya akiwaza. Niliandika neno "akiwaza" na kulipigia mstari.

Kisha ukaja mkasa ambao tumebishana juu yake kwa muda mrefu. Muuzaji anatia dole gumba kwenye wino, anabonyeza kwenye karatasi, halafu, kwa kuwa hana kitambaa, anaufuta wino ule kwenye nywele zake. Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa ukubwa ule. Kilikuwa hakijatulia mke alipoingia, akaiona karatasi, akapiga magoti na kuanza kulia, na watu wakaendelea kucheka huku kina mama kadhaa wakijifunika midomo kwa khanga. Binti anayecheza mke ni mgeni katika kikundi. Nilipogeuka kumtazama, jambo ambalo silifanyi mara nyingi, nilimwona ameduwaa, akitafuta mahali pa kuyapeleka macho yake.

Mama aliyekaa karibu nami alikuwa akicheka hadi anafuta machozi. Nikamwuliza taratibu, "Mama, kilichokuchekesha ni nini?" Akanijibu bila kuacha kucheka, "Mwanangu, ndivyo alivyofanya shemeji yangu. Wino kichwani vilevile! Na shamba likaenda." Nikaiandika sentensi hiyo yote.

Muda mfupi baadaye bibi mmoja aliinuka, akaingia katikati ya uwanja, akafungua pindo la khanga na kutoa noti ya shilingi elfu moja. Kutunza ni jambo la kawaida, anayefurahishwa humbandika msanii pesa kwenye paji la uso. Bibi huyu hakufanya hivyo. Aliishika mikono ya mke aliyekuwa bado amepiga magoti, akamtia noti kiganjani na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Shika nauli hii, nenda barazani ukawashtaki." Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Saa 6 mchana

Igizo letu halimaliziki lenyewe. Linasimama pale mke anapoinuka, na mwezeshaji huwauliza watazamaji wangefanya nini, kisha anayetaka huingia akachukua nafasi ya mhusika. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, aliueneza mtindo huu duniani, na kwetu akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikaa vijijini tangu miaka ya 1980 wakitengeneza maigizo pamoja na wanakijiji juu ya matatizo yao. Siku hiyo aliyeingia kwanza alikuwa mmoja wa wale bodaboda, akajifunga khanga ya mke na kumkaripia mume kwa dakika nzima, watu wakifurahi. Mama mmoja akamtoa, akamwambia mume kwa upole kwamba hagombani naye, anataka tu waende pamoja kwa mwenyekiti na karatasi ile.

Baada ya hapo mabishano yakawa ya kweli. Mwezeshaji alieleza kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mzee mmoja akamshika papo hapo: "Umesema nyumba. Sisi tunazungumzia shamba." Swali lilikuwa zuri kuliko majibu yetu mengi. Likapelekea kuzungumzia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, hati za hakimiliki ya kimila ambazo mke na mume wanaweza kuandikishwa kwa pamoja, na wajibu wa halmashauri ya kijiji katika uhamishaji wa ardhi. Kwa sentensi hiyo ya mwisho, macho yote yalimhamia mwenyekiti, naye akakumbuka kuangalia saa yake.

Saa 8 mchana

Ugali wa uwele, mlenda, maji. Tukarudi mjini.

Saa 10 jioni

Kabla sijafungua daftari, binti yule alisema, "Dada, mimi walinicheka." Nikamsomea: kicheko kilianza kwenye wino kichwani, kabla hajaingia, kilianzia kwa wanaume wa nyuma, na mama aliyecheka kuliko wote alikuwa akimkumbuka shemeji yake. Nikamsomea na ya bibi mwenye noti, ambayo binti bado alikuwa nayo mfukoni. Alinyamaza, ingawa sidhani kwamba aliridhika kabisa, na sioni kwa nini aridhike haraka.

Mwalimu alitaka wino ufutwe kwenye koti badala ya nywele, ili kicheko kipungue na kilio kisikike. Nilipinga. Nilisema kwamba tukiondoa nywele tutakuwa tumeondoa kitu kilichomfanya mama yule aone kwamba tunamjua shemeji yake. Tukaafikiana kwamba usiku tusibadilishe chochote, tulinganishe kwanza.

Saa 1 usiku

Kiingilio shilingi 5,000, viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, na mbele kabisa sofa za wageni zenye meza ndogo na chupa za maji. Tangazo lilisema saa 12:30 jioni, lakini tulianza karibu saa 2, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa bado njiani.

Ukumbi wenye mgeni rasmi una tabia yake. Watu walicheka, lakini jicho moja likiwa kwenye sofa: akicheka yeye, kicheko kinasambaa hadi mlangoni, akibaki kimya, kinafia mstari wa tatu. Wanafunzi wa vyuo waliosimama nyuma peke yao ndio waliothubutu kumjibu dalali. Wino ulipofutwa kwenye nywele, mgeni rasmi alikuwa akisoma simu, na kicheko kilikuwa cha watu wachache waliokitafuna haraka. Mke alipopiga magoti, ukumbi ulitulia kabisa, simu zikainuliwa kurekodi, na mwishoni makofi yakapigwa watu wakiwa wamesimama. Mwezeshaji alipouliza nani angependa kuchukua nafasi ya mke, mtu mmoja alisema, "Endeleeni tu, mnafanya vizuri."

Binti alitoka jukwaani akiwa na furaha kubwa, na sikutaka kumharibia. Katika daftari, hata hivyo, ukurasa wangu wa ukumbini ulikuwa karibu mtupu. Makofi yalinieleza kwamba igizo limeisha, basi.

Kilichoujaza kilitokea mlangoni. Nilikuwa nikikunja bango pale mwanamume wa makamo, aliyevaa vizuri na aliyekuwa amekaa mistari ya mbele, aliponikaribia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani dada, ukinunua kiwanja na mke wa muuzaji hakusaini, hapo inakuwaje?" Nikamwelekeza kwa mwezeshaji. Nyuma yake alikuwa amesimama mama mmoja aliyetaka kujua jambo hilohilo.

Saa 4 usiku

Ninaandika taarifa ya siku, na nadhani ninaona kitu ambacho hatukukiona. Kijijini tuliwachezea wauzaji, na wauzaji wakajicheka, wakabishana, wakatoa nauli. Mjini tuliwachezea wanunuzi, na katika igizo letu zima hakuna mnunuzi; yupo dalali tu, mtu ambaye kila mmoja yuko radhi kumzomea. Waliokaa ukumbini walimhurumia mke kwa moyo mweupe, kwa sababu hatukuwaonyesha mahali walipo wao. Nimependekeza mambo mawili: kwamba katika maonyesho ya ukumbini nihamie mlangoni kabla ya igizo kwisha, na kwamba aongezwe mhusika mmoja, mtu mwungwana aliyetafuta kiwanja kwa pesa yake halali na asiyeuliza maswali mengi.

Mwalimu amejibu kwa ujumbe mfupi kwamba nianze kuandika maneno ya huyo mnunuzi kesho asubuhi, na kwamba koti zuri tutaazima.